Sera ya kawi safi hupimwa nyumbani: mambo ya kuangalia kabla ya kutoa maoni

Julai 1, 2021, gharama ya kujaza mtungi wa gesi ya kupikia ilipanda kote nchini. Mtungi ulikuwa ule ule na duka halikuwa limehama. Kilichobadilika ni sera. Ushuru wa VAT, ambao gesi hiyo ilikuwa imeondolewa tangu 2016, ulirudishwa kwa kiwango cha asilimia 16. Mwaka mmoja baadaye ushuru huo ulishushwa hadi asilimia 8, na kuanzia Julai 2023 ukaondolewa tena. Ndani ya miaka miwili, familia inayopikia gesi ilikuwa imelazimika kupiga hesabu zake upya mara tatu.

Kisa hicho kinafunza jambo moja. Kifaa cha kawi safi hakiingii nyumbani kwa sababu ni kizuri tu. Huingia pale bei yake inapolipika, fundi wake anapopatikana karibu, usalama wake unapoaminika, na mnunuzi anapokuwa na hakika kwamba mambo hayatageuka mwaka ujao. Mengi kati ya hayo huamuliwa na sera, na sera huandikwa na watu wanaopaswa kumsikiliza mkazi kabla ya kuipitisha.

Makala haya yanaeleza jinsi sera ya kawi safi inavyotengenezwa, kaunti ina uwezo gani katika kazi hiyo, na maswali ambayo mkazi anaweza kuuliza akiitwa kutoa maoni.

Kaunti ina mamlaka gani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la mipango na maendeleo katika eneo lake, pamoja na usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri wa Kawi. Mipango ya kaunti huunganishwa kuwa mpango mmoja wa kitaifa, ambao hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu.

Yapo mambo ambayo kaunti haiwezi kuyaamua. VAT na ushuru wa forodha huwekwa na serikali ya kitaifa kupitia Bunge. Bei za umeme na leseni za mitambo mikubwa ziko chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA. Mkazi akilalamikia ushuru wa paneli za sola katika kikao cha kaunti, ujumbe wake unaweza kupelekwa mbele, lakini uamuzi hautatoka hapo.

Hata hivyo, yanayobaki mikononi mwa kaunti si haba. Kaunti hupanga matumizi ya ardhi, na hivyo ina sauti kuhusu mahali pa kuweka mitambo. Inaweza kuanzisha vituo vya kawi vya kuonyesha na kufunza matumizi ya vifaa. Ina zahanati, vituo vya afya, masoko, visima na shule za chekechea vinavyohitaji umeme. Ina vyuo vya mafunzo ya ufundi vinavyoweza kutoa mafundi wa sola na wa majiko. Tena ina bajeti yake.

Kwanza, sera itambue kizuizi chenyewe

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya familia nchini zilitumia kuni kama njia kuu ya kupikia. Gesi ilitumiwa na asilimia 23.9, makaa asilimia 11.6 na mafuta taa asilimia 7.8. Kwa upande wa mwanga hali ilikuwa tofauti sana. Nusu ya familia zilitumia umeme wa gridi, na asilimia 19.3 zilitumia sola. Taa imetangulia, na jiko limebaki nyuma.

Sababu moja ya tofauti hiyo ni namna ya kulipa. Kampuni za sola zilipoanza kuuza vifaa kwa malipo madogo madogo ya kila siku kupitia simu, familia isiyoweza kutoa maelfu kwa mara moja iliweza kuwasha taa. Kilichokuwa kimeizuia ni ule mkupuo wa kwanza.

Jikoni mambo ni yale yale. Anayenunua makaa kwa mkebe hulipa kidogo leo na kidogo kesho. Mwisho wa mwezi huenda ametumia pesa nyingi kuliko jirani yake anayetumia gesi, lakini hakuna siku aliyotakiwa kutoa pesa zote pamoja. Meko ya kilo 6 humtaka anunue mtungi na kichomeo kwa mara moja, kisha aweke pesa za kujaza gesi ikiisha. Sera inayomwambia tu kwamba gesi ni bora haimsaidii, kwa sababu hilo analijua. Inayomsaidia ni ile inayogawanya mkupuo huo, kwa mfano kwa kuunga mkono mikopo midogo kupitia vyama vya akiba na sako, au mpango wa kulipia gesi kadiri inavyotumika.

Kizuizi nacho hutofautiana kutoka wadi moja hadi nyingine. Mpangaji mjini huzuiwa na bei ya kuanzia, na wakati mwingine na mwenye nyumba asiyetaka gesi chumbani. Mkulima mwenye ng'ombe wawili au watatu wa kufugia zizini ana malighafi ya bayogesi, lakini mtambo ni ghali kujenga na unahitaji maji kila siku. Mfugaji anayehamahama hawezi kuchimba mtambo wa bayogesi, ila paneli ndogo na jiko jepesi linalotumia kuni chache anaweza kubeba. Anayeokota kuni bure msituni halipi senti, kwa hiyo akiambiwa anunue kifaa cha kupunguza gharama ya kuni hatashawishika. Gharama yake ni saa anazotembea, mgongo unaobeba mzigo, na moshi ambao huwaongezea watoto hatari ya nimonia.

Mpango wa kawi ulio na suluhisho moja kwa wadi zote unaonyesha kuwa swali la kwanza halikuulizwa: nani anazuiwa na nini?

Pili, sera isiyumbe

Vifaa vya sola vimepitia msukosuko unaofanana na ule wa gesi. Sheria ya VAT ya 2013 ilivitoza ushuru. Mwaka wa 2014 vikasamehewa. Mwaka wa 2020 msamaha ukaondolewa kwa vifaa vya sola na pia kwa majiko safi. Mwaka wa 2021 msamaha ukarudishwa.

Kwa anayesoma gazeti la serikali, hayo ni marekebisho tu ya sheria. Kwa mwenye duka la sola katika mji mdogo, ni bidhaa alizoagiza kwa bei moja na kulazimika kuziuza kwa nyingine. Kwa kikundi cha akina mama kilichokuwa kikichanga pesa za kununua majiko, ni shabaha iliyosogezwa mbele wakati wamekaribia kuifikia. Aliyepanga kujenga kiwanda cha kutengeneza majiko hapa nchini, akijua kitachukua miaka kadhaa kurudisha fedha zake, atasita.

Ndiyo maana msaada mdogo unaojulikana utadumu miaka mitano unaweza kufanya kazi kubwa kuliko msaada mnono unaoondolewa baada ya mwaka mmoja. Haina maana kwamba ruzuku isiondolewe kamwe. Fedha za umma zina mahitaji mengi, na teknolojia ikishakubalika sokoni haihitaji kubebwa tena. La muhimu ni tarehe ya kupunguza msaada itangazwe mapema, na upunguzwe hatua kwa hatua, ili familia na wafanyabiashara wajipange.

Tatu, mlango usifungwe kabla mwingine haujafunguliwa

Februari 2018, serikali ya kitaifa ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mwezi uliotangulia, Kaunti ya Kitui ilikuwa imepiga marufuku biashara ya makaa. Misitu ilihitaji kulindwa, na hilo halina ubishi. Lakini makaa hayakuacha kuhitajika, na bei yake mijini ikapanda.

Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, mafuta taa yakawekewa ada ya shilingi 18 kwa kila lita ili kuwazuia wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli. Sababu hiyo nayo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa dizeli iliyochanganywa huharibu injini. Hata hivyo, mpangaji aliyekuwa akipikia stovu ya mafuta taa alijikuta amebanwa pande mbili, kwa makaa na kwa mafuta. Mwenye uwezo wa kununua meko alihamia gesi. Asiye na uwezo hakuwa na pa kwenda.

Kila uamuzi kati ya hiyo ulilenga tatizo la kweli, lakini ulitazamwa peke yake. Familia huvipima pamoja makaa, mafuta taa na gesi, maana vyote hutoka katika mfuko mmoja. Mpango mzuri wa kawi hufanya vivyo hivyo: kabla ya kubana nishati chafu, unaonyesha ile safi itapatikana wapi, kwa bei gani, na kwa nani kwanza. Unawafikiria pia wachomaji na wauzaji wa makaa, ambao nao wana watoto wa kusomesha.

Nne, ubora na fundi

Jiko la kauri, lenye umbo lililobana kiunoni na udongo uliochomwa ndani, lilienea nchini tangu miaka ya 1980. Wazo lake lilitokana na jiko la Thailand, likarekebishwa na kutengenezwa na mafundi wa jua kali, wakiwemo wa Shauri Moyo jijini Nairobi. Lilienea kwa sababu lilitengenezwa na fundi wa hapa, kwa vifaa vya hapa, na lilipunguza makaa kiasi cha mtumiaji mwenyewe kuona tofauti. Lakini umaarufu uliwaleta pia waigaji. Jiko ambalo kauri yake haikuchomwa vizuri hupasuka mapema, na aliyelinunua huwaambia majirani kwamba majiko ya kisasa hayafai kitu. Bidhaa mbovu moja huharibu jina la zote.

Sola ina hatari hiyo hiyo. Paneli inaweza kuwa nzuri, lakini ikifungwa vibaya, au betri ikiwa ndogo kuliko mzigo wake, taa zitazima kabla ya usiku wa manane. Kanuni zilizowekwa mwaka wa 2012 zinamtaka fundi wa mitambo ya sola awe na leseni, ambayo leo hutolewa na EPRA. Mkazi ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo, na kudai risiti na hati ya dhamana kabla ya kulipa.

Kwa gesi, ubora ni suala la uhai. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi katika eneo la Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi mamia. EPRA ilieleza baadaye kuwa maombi ya kibali cha kujenga kituo cha kujazia gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa. Gesi ni safi kuliko kuni, lakini bila udhibiti wa mahali inapohifadhiwa na kujazwa, inaweza kugharimu maisha ya majirani ambao hata hawaitumii.

Kwa hiyo mkazi anaposoma mpango wenye orodha ya vifaa vya kununuliwa, aangalie kama pembeni yake kuna fedha za kufunza mafundi, za ukaguzi na za matengenezo. Pampu ya sola ya kisima inayoharibika na kukosa fundi huwarudisha watu mtoni, hata kama siku ya uzinduzi maji yalitoka kwa wingi.

Tano, ardhi na mgao

Miradi mikubwa ya umeme safi huleta maswali ya aina nyingine. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilisimamishwa mwaka wa 2017, lakini laini ya kusafirisha umeme hadi Suswa ilikamilika mwaka wa 2018. Kwa muda huo upepo ulivuma na umeme haukuwa na njia ya kufika kwa mtumiaji. Funzo ni lile lile la paneli isiyo na fundi, ila kwa ukubwa mwingine: mnyororo hukatika palipo dhaifu.

Ardhi ya mradi huo nayo ilifika mahakamani. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kuwa utoaji wa hati za ardhi hiyo haukufuata sheria. Katika Kaunti ya Nyandarua, mradi wa upepo wa Kinangop, uliotarajiwa kutoa takriban megawati 60, haukujengwa kabisa. Uliachwa mwaka wa 2016 baada ya wakazi kuupinga, na maandamano ya 2015 kusababisha kifo. Waliopinga hawakuwa na ugomvi na upepo. Walikuwa na maswali kuhusu mashamba yao, fidia na afya, na majibu waliyopewa hayakuwaridhisha.

Kuwasikiliza watu mwanzoni si kupoteza wakati. Ni kuepuka kupoteza mradi wenyewe.

Kuhusu mgao, Sheria ya Kawi ya 2019 imeweka kanuni kwa mvuke wa ardhini. Mrabaha unaolipwa na mwenye leseni hugawanywa hivi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa serikali ya kaunti, na asilimia 5 kwa jamii ya mahali hapo. Kwa miradi ya upepo na jua, manufaa kwa jamii hutegemea zaidi makubaliano yanayofanywa kabla ya ujenzi. Hivyo jamii yenye ardhi ya pamoja inahitaji kuwa imesajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 kabla ya kuketi mezani na mwekezaji.

Wakati wa kutoa maoni

Mpango wa kawi usiokuwa na fedha hubaki kabatini. Ndiyo sababu mkazi anapaswa kufuatilia pia kalenda ya bajeti iliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mikakati ya kifedha huwasilishwa kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayesubiri hadi Juni kuuliza kwa nini zahanati ya wadi yake haina sola huwa amechelewa, kwa kuwa fedha nyingi huwa zimeshapangiwa kazi.

Katiba inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma katika kazi zake. Mkazi anaweza kuhudhuria kikao, kuandika maoni na kuyapeleka katika ofisi ya msimamizi wa wadi, kuzungumza na mwakilishi wa wadi, au kuwasilisha ombi rasmi katika bunge la kaunti. Anaweza pia kuomba nakala ya mpango wa kawi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi.

Akiwa na nakala mkononi, maswali yafuatayo yatamsaidia:

Katika wadi hii, watu wanapikia nini leo, na ni nini kinachowazuia kubadilisha?

Msaada unaopendekezwa utadumu miaka mingapi, na utapunguzwa vipi?

Kama kuna kinachopigwa marufuku, mbadala wake utapatikana wapi na kwa bei gani?

Nani atafunza mafundi, nani atakagua, na fedha za matengenezo ziko katika ukurasa gani wa bajeti?

Kama mradi unahitaji ardhi, wenye ardhi wameulizwa lini, na watapata nini?

Baada ya mwaka mmoja, tutajuaje kama mpango umefaulu?

Swali la mwisho lina mtego. Ni rahisi kuhesabu majiko yaliyogawiwa au paneli zilizofungwa na kutangaza ushindi. Jiko lililogawiwa linaweza kuwa limegeuzwa mtungi wa kuhifadhia mahindi. Kipimo cha kweli ni kuingia jikoni miezi 12 baadaye na kutazama kinachowaka. Mpango unaoahidi kurudi kuangalia, na kusema ukweli kuhusu utakachokikuta, unastahili kuungwa mkono. Usiokuwa na ahadi hiyo urudishwe ukarekebishwe, na mkazi ana haki ya kusema hivyo.